Mama Alipomlilia Qais

Mama yangu alifariki mwaka huu, baridi ilipoanza kuingia, na siku zile za matanga watu waliniuliza mara nyingi namkumbuka vipi. Nilijibu kama wanavyojibu watu wote: alikuwa mpole, mcha Mungu, na mkono wake wa pishi haukuwa na mfano hapa Ibra, mji wetu katika nchi ya Waarabu. Sikuwaambia la moyoni. La moyoni ni kuwa kila nilipofumba macho nilimwona amesimama kwenye mlango wa jiko letu, mtandio umemteremka mabegani, analia kwa sauti, kamshika mikono yote miwili kijana aliyevaa magwanda ya kijeshi. Na kijana yule si mimi. Mimi nimekuwa askari zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimevaa magwanda ya kweli, nimelala jangwani na nimelala milimani, na mama yangu huyo huyo hakunililia hata siku moja. Aliyemlilia ni Qais, na Qais alikuwa askari wa filamu.

Mwaka ninaousema nilikuwa chuoni Nizwa, nasoma ualimu wa hesabu bila ya hamu kubwa. Tulikaa watu wawili katika chumba cha juu cha nyumba ya zamani, vitanda viwili vya chuma na dirisha moja linalotazama mitende, na asubuhi harufu ya buni zinazokaangwa na jirani ilitufikia kabla ya adhana kumalizika. Mwenzangu wa chumba alikuwa Qais, mtoto wa Sur, kafiwa na mama akiwa mdogo sana na kulelewa na bibi yake mzaa baba. Kiswahili chake alikipata kwa bibi huyo. Maneno aliyajua karibu yote, ila ngeli zilimpotea njiani. Alisema "kitabu yangu" na "chai mzuri," na akisema hivyo mtu hawezi kumcheka, kwa sababu alikuwa na uso ule ambao ukiutazama unataka kumpa kitu. Mimi nilimpenda. Nalisema hili mwanzo, kwa sababu yatakayofuata hayatamfanya mtu adhani hivyo. Hakuna anayemwonea wivu mtu asiyempenda hata kidogo. Wa namna hiyo humchukia tu, na chuki ni kazi nyepesi.

Kila Alhamisi nilirudi kwetu Ibra, na kwa kuwa Sur ni mbali, nikamzoesha Qais kuja nami. Mara ya kwanza alikuja na mfuko wa papa mkavu kutoka Ashkhara, ambako mjomba wake alikuwa akinunua samaki, na mama aliupokea kama kaletewa dhahabu. "Huyu ndiye mtoto anayejua kuingia nyumba ya mtu," alisema, huku akinitazama mimi, niliyekuwa nimeingia na nguo chafu za wiki nzima. Tangu siku hiyo mambo yakawa na mpango wake. Papa alipikwa kwa nazi siku ambazo Qais yupo. Kichwa cha samaki, ambacho tangu utotoni nilikijua kuwa changu baada ya baba, kikaanza kwenda upande wa pili wa sinia. "Watu wa Sur hawali samaki bila ya kichwa," mama akasema, na mimi nikala mkia. Chai ya Qais ilijulikana kuwa haina sukari. Siku moja mama aliniwekea mimi kikombe kisicho na sukari, na nilipokunja uso akasema, "Ala! Nimechanganya." Nilikuwa na miaka karibu ishirini nikinywa chai mbele ya mama huyo.

Basi ndipo Ustadh Hamdan, aliyetufundisha Kiarabu na kuongoza wanafunzi wapenda maigizo, alipotutangazia kuwa mwaka ule hatutapanda jukwaani bali tutatengeneza filamu. Hadithi aliiandika mwenyewe. Katika nchi isiyotajwa jina kuna darasa la vijana wanaokaribia mtihani wa mwisho. Vita vinaingia, wanavalishwa magwanda juu ya akili zao za kitoto, na mwalimu wao anaendelea kuita majina kila asubuhi mbele ya madawati yanayopungua watu. Tuliposomewa mara ya kwanza, wavulana wazima walijifanya wanakohoa. Mimi nilitaka kuwa Yusuf, mwanafunzi ambaye hadithi yote inamfuata yeye. Niliitaka nafasi hiyo usiku na mchana. Maneno yake yote niliyahifadhi, na jioni chumbani Qais ndiye aliyenishikia karatasi akinisahihisha. Siku ya kujaribiwa nilisema kila neno bila ya kukosea. Qais alikosea mara chungu nzima, akanyamaza, akajikuna shingo, akaanza upya.

Ustadh aliniita pembeni. "Mundhir, wewe unasema vizuri kuliko wote," akaniambia. "Lakini uso wako umefungwa, ya waladi, mwanangu. Qais hata akinyamaza, mtu anamwonea huruma. Na mimi nataka watu waone huruma."

Nikapewa kuwa askari anayekufa mapema. Wala sikuwa na jina, katika karatasi niliandikwa "mwanafunzi wa safu ya nyuma." Mapigano tuliyapiga picha Al Mintirib, pale mchanga unapoanza kupanda, na bunduki zetu zilikuwa za mbao zilizopakwa rangi nyeusi. Watalii waliotoka kwenye kambi zao za jangwani walisimamisha magari, wakaomba kupiga picha na Qais. Nilianguka kifudifudi risasi ya kwanza ilipolia, nikaamriwa nisijitikise, na mchanga wa moto ukanijaa sikioni huku Qais akifa taratibu mikononi mwa rafiki yake, mbali kidogo nami. Alikufa mara nyingi siku ile. "Rudia, Qais," Ustadh alipiga kelele. "Umekufa vizuri, ila kivuli kimekukata uso!" Na mimi maiti, nimelala pale, nikawaza kuwa hata kufa kwake kunatakiwa kurudiwa, kwangu mara moja kumetosha.

Ikabaki kumpata mama wa Yusuf. Wasichana wa chuo mmoja tu aliruhusiwa na kwao, na huyo alikuwa wa miaka kumi na nane, hata ukimpaka unga kichwani hawi mama wa mtu. Tulikuwa tumekaa chini tunakula wali na kuku katika ukumbi, Ustadh analalamika, ndipo Qais akaruka kama aliyechomwa sindano. "Ma yake Mundhir!" akasema. "Wallahi, Ustadh, hakuna mwingine." Nikasema mama hatakubali. Nikasema baba hatakubali. Nikasema Kiarabu cha mama kimejaa lafudhi ya Unguja alikokulia, watu watacheka. Yote haya niliyasema haraka haraka, na Ustadh akaniangalia kwa namna ya mtu anayehesabu vitu ambavyo havikusemwa.

Baba, niliyemtegemea akatae, alisema tu kuwa nguo ziwe za heshima na yeye awepo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mie? Niwe mcheza sinema uzeeni?" Kisha akamgeukia Qais, aliyekuwa kapiga magoti anasaidia kumenya vitunguu, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. "Wewe ndiye nitakayekuaga?"

"Ndio, Ma. Mimi nakwenda vita na sirudi."

"Mtoto huyu! Usiseme hivyo jikoni kwangu." Akampiga begani kwa kijiko. "Haya. Kama ni kumuaga mtoto wa watu, ntamuaga."

Kamera zikaja Ibra Ijumaa moja baada ya sala. Zilikuwa mbili, na taa za kukodi, na nyaya ziliingia mpaka chumba cha kulala cha baba. Mama alioga, akajifukiza udi, akavaa gauni lake la nyumbani lililofuliwa na kupigwa pasi, kwa sababu Ustadh alimkataza kuvaa jipya. Hadithi ilitaka hivi: Yusuf anapita jikoni kuaga, mama anamfungia chakula, anamwambia maneno mawili matatu, Yusuf anatoka. Walipojaribu mara ya kwanza mama alisema maneno ya Kiarabu aliyofundishwa kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wageni. Wakarudia. Ikawa mbaya zaidi. Kisha mashine ya maji ya shamba la jirani ikaanza kunguruma, na mimi, kwa kuwa namjua jirani na sina kazi nyingine, nikatumwa kwenda kumwomba aizime. Mzee yule alitaka kujua habari yote kwanza: filamu ya nini, ya serikali au ya watu, na mimi mbona sikuwekwa humo. Nilimjibu nimewekwa. "Wewe ni nani humo?" akaniuliza. Nikamwambia ni maiti.

Niliporudi, uani kulikuwa kimya, na watu wote wamesimama kama walionyeshewa na mvua. Mama alikuwa kakiacha kile Kiarabu cha kufundishwa. Alikuwa anasema Kiswahili, na alikuwa kamshika Qais mikono. "Nenda mwanangu," alikuwa anamwambia. "Ukishikwa na njaa usione haya, omba. Ukiogopa usijifanye huogopi, kuogopa si dhambi. Na wakikwambia nenda mbele, wewe geuka nyuma mara moja, uniangalie. Utaniona nimesimama hapa hapa, sitoondoka." Sauti ikamkatika. Akalia, si machozi ya kufuta kwa ncha ya mtandio, bali kilio kile cha tumboni ambacho kinamkunja mtu. Qais naye akalia, akasahau kuwa anatakiwa kutoka, na aliyeshika kamera alikuwa anajifuta macho kwa bega. Ustadh hakusema "kata" mpaka muda mrefu ukapita. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilisimama pale na vumbi la shamba miguuni, nikisikia kitu kikinipanda kifuani ambacho nilidhani ni huzuni, na kumbe siyo. Mama yangu ana maneno kama yale! Alikuwa nayo siku zote! Na mimi niliyeondoka nyumba ile kwenda chuoni nilikuwa nimeambiwa, "Usisahau sabuni."

Filamu ilionyeshwa Nizwa, katika ukumbi wa chuo, na familia zetu zikaalikwa. Nilikaa nyuma. Nilijiona nimeanguka mchangani, na mtu mmoja mbele yangu alikuwa anafungua pakiti ya biskuti wakati huo. Lakini mama alipotokea mlangoni mwa jikoni, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Wengi hawakukielewa Kiswahili chake hata neno, na wote walilia. Nilisikia kwikwi upande wa wanawake, nikasikia wanaume wakisafisha koo. Tulipotoka nje, kina mama wa Nizwa wasiomjua walimkumbatia. "Mungu akuhifadhie mwanao," wakamwambia, na wakamwangalia Qais. Mama akamshika Qais mkono wa kanzu, akaitikia, "Amin, amin." Mimi nilikuwa nyuma yake nimemshikia viatu, kwa kuwa vilimbana akabadilisha. Katika gari, barabara ya Sinaw yote, dada yangu mdogo Thuraya alirudia maneno ya mama kwa kuigiza, na baba anacheka, na Qais kalala kajiegemeza dirishani, kachoka kwa kupendwa. Nikatoa uamuzi wangu humo ndani ya gari, sikumwambia mtu. Kama yeye ni askari wa uongo, basi mimi nitakuwa wa kweli. Tuone nani ataliliwa.

Leo nikilitazama jambo hili nikiwa na mvi, nashangaa kwamba maisha ya mtu yanaweza kupinda kwa sababu ndogo kama ile, na nashangaa zaidi kuwa sijapata kujuta. Jeshi lilinifaa. Uso uliofungwa ni mali huko. Lakini sikwenda kwa kuipenda nchi wala kwa kuchoka na hesabu. Nilikwenda ili mwanamke mmoja asimame mlangoni. Niliomba, nikapimwa, nikakubaliwa, na nilipomwambia mama, alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ulisimama. "Na chuo?" akauliza. Nikamwambia nimeacha. "Baba yako anajua?" Anajua. Akaendelea kuchambua. "Basi Mungu akutangulie."

Asubuhi ya kuondoka niliamka na kuvaa polepole. Nilipanga mambo yangu ili nipite jikoni mwisho. Jua lilikuwa limeshatoka, na mama alikuwa kanipa mgongo, anasugua sufuria. Mezani kulikuwa na mayai ya kuchemsha, mikate ya kumimina iliyofungwa kwa kitambaa, na tende. Nikasimama mlangoni pale pale. Nikasema, "Mama, nakwenda." Akasema, "Haya baba." Nikangoja. Sufuria ile ilisuguliwa mpaka nikadhani itatoboka. Kisha, bila ya kugeuka, akasema, "Bado upo? Watu wa gari wanakungoja. Ufunge mlango taratibu, Thuraya kalala." Nikachukua kitambaa changu cha chakula nikatoka. Kwenye kona ya ukuta niligeuka nyuma mara moja. Mlango ulikuwa umefungwa, nilivyoufunga mwenyewe.

Miaka yote ya kazi ilikuwa hivyo. Nilikwenda nikarudi, nikapandishwa cheo, nikaoa, nikapelekwa mbali zaidi, na kila kuagana kulikuwa na sufuria ya kusugua au nguo ya kuanua. Qais alikuwa mwalimu huko Al Kamil, na kila Idi alikuja Ibra na papa wake, na mama alimpokea kwa vigelegele. Sikuwahi kusema neno. Nilikula mkia.

Sasa niseme la matanga, ndilo lililonifanya niketi kuandika. Wanaume tulipokea watu katika sabla ya mtaa wetu, ule ukumbi mrefu wenye mito ukutani, nami nikakaa kichwani mwa safu kama mfiwa. Qais alifika kutoka Al Kamil siku ya kwanza kabla hatujatoka makaburini. Alilia kama mtoto. Kanzu yake ilirowa kifuani. Mimi sikulia. Na kwa sababu alikaa karibu nami na alikuwa analia, wageni waliotoka mbali walimpa yeye mkono kwanza. "Ahsan Allah azakum, Mungu akupe subira kwa mama yako." Kila mara Qais alishtuka, akanionyesha. "Si mimi. Mtoto wake huyu." Nao wakanigeukia mimi mwenye macho makavu, na niliona shaka katika nyuso zao. Umri wangu wote ule, mama yangu yuko chini ya ardhi ya Ibra, na kile kitu bado kikanipanda kifuani vile vile kama siku ya uani.

Siku ya mwisho, watu walipopungua kidogo na kahawa ikapita, nilimwambia. Nilitaka kuyasema kwa upole, hayakutoka kwa upole. "Wewe unalia kwa sababu alikulilia," nikamwambia. "Mimi hakunililia. Hata siku moja, Qais."

Akanitazama. Mvi zimemjaa na yeye, lakini uso ni ule ule. "We hujui?" akasema. "Siku ile ya kamera. Hukuwepo?"

"Nilikwenda kuzimisha mashine ya maji."

"Ah." Akaweka kikombe chini. "Ma alikuwa hawezi. Machozi yake haitoki. Ustadh akamwambia, fikiri huyu ni Mundhir, anakwenda vita. Wallahi alikasirika! Sijamwona vile tena. Akamwambia, Ustadh, usinitajie mwanangu hapa. Msafiri haliliwi. Anayeliliwa ni maiti. Wangu simlilii, akiondoka simlilii mpaka nife, ili arudi. Huyu nipeni, huyu ntamlilia." Qais akajikuna shingo. "Akanililia. Watu wote wanasema, Qais una bahati, umepata mama. Mimi nimekwenda Sur nimelala siku mbili, sitaki kula. Alinililia mimi kwa sababu mimi nisiporudi, si kitu kwake. Wewe nakuonea wivu mpaka leo."

Nilijaribu kuliona jiko lile upya, mgongo ule, sufuria ile, na nikaviona. Lakini sitasema uongo, moyo haukutulia kwa mara moja kama mtu anavyotaka kuandika. Nilikuwa nimeelewa, na bado niliyataka yale machozi. Nadhani nitayataka mpaka na mimi nitakapobebwa. Qais alikuwa anatazama mkeka. Nilifahamu kuwa kwa miaka yote hiyo alikuja na papa wake kila Idi, akabisha hodi katika nyumba ambayo aliamini hahesabiwi, akapokelewa kwa vigelegele, na akarudi Al Kamil akijiuliza vigelegele vile vina maana gani.

Mlango wa sabla ukafunguliwa. Aliingia mzee mmoja mgeni, na bakora yake, simjui, wala yeye hatujui. Kasema amefuata habari ya msiba kutoka Nizwa. Akaangalia safu, akamwona Qais na macho yake mekundu, akamwendea moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akupe subira, mwanangu," akamwambia. "Mama hana badala."

Qais aliinua kidole kunionyesha, kama alivyozoea. Nikaukamata mkono wake kabla haujafika, nikauteremsha juu ya goti lake. Akanitazama. Mzee akanigeukia mimi, akanipa mkono mmoja tu, kwa haraka, kama anavyopewa jirani.

"Na wewe," akasema, "umsaidie mwenzio."

"Inshallah," nikamjibu. "Kafiwa na mama."